Uchovu Sugu na Tiba ya Sindano za Kichina: Kipimo Kwanza, Sindano Baadaye

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika zahanati na vituo vya afya ni lile ambalo mgonjwa hulitamka kwa neno moja tu: "Nachoka." Hana homa ya kumlaza wala jeraha la kuonyesha. Anachokijua ni kwamba anaamka asubuhi kana kwamba hakulala, jembe limekuwa zito, na kazi aliyokuwa akiimaliza kabla ya saa nne asubuhi sasa inamchukua kutwa nzima. Wapo waliokaa na hali hiyo kwa miezi, na wapo waliokaa nayo kwa miaka. Baadhi yao, baada ya kumeza vidonge vya kila aina bila kuona nafuu, hushawishika kujaribu tiba ya sindano za Kichina, ijulikanayo pia kwa jina la akupancha, ambayo siku hizi hutolewa na kliniki za watu binafsi mijini.

Si vibaya kuijaribu. Tiba hiyo ina historia ndefu, na ikifanywa na mtu aliyefunzwa, kwa vifaa safi, madhara yake ni machache. Hata hivyo, wataalamu wa afya huiita tiba saidizi, na neno hilo lina uzito wake. Kinachosaidia huja kando ya kitu kingine. Hakishiki nafasi yake. Mkazi anayekwenda kuchomwa sindano za uchovu kabla hajajua uchovu wake umetoka wapi anaweza kupata nafuu ya siku chache huku ugonjwa wenyewe ukiendelea kukua ndani.

Uchovu gani unaozungumzwa

Uchovu wa kawaida una sababu inayoonekana na una mwisho. Aliyevuna mpunga wiki nzima, aliyekesha msibani au mama anayenyonyesha mtoto mchanga huchoka, na akipata usingizi wa kutosha nguvu humrudia. Uchovu sugu ni ule ambao umedumu kwa miezi, mapumziko hayauondoi, na umempunguzia mtu uwezo wa kufanya shughuli alizozizoea. Huo haupaswi kuvumiliwa kimya kimya kwa kisingizio cha umri au cha maisha magumu.

Jambo la msingi ni kwamba uchovu wa namna hiyo mara nyingi ni dalili, na nyuma yake kuna ugonjwa wenye jina na wenye tiba. Wa kwanza kufikiriwa ni upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, yaani karibu wanawake tisa katika kila ishirini. Sababu zake ni nyingi: hedhi nzito, mimba zinazofuatana kwa karibu, mlo wenye madini ya chuma kidogo, malaria ya mara kwa mara, kichocho, na minyoo ya safura inayofyonza damu utumboni. Mgonjwa huchoka, moyo humwenda mbio akipanda mlima mdogo tu, na kope na viganja hupauka. Kipimo chake huhitaji tone la damu kutoka kwenye kidole, na majibu hupatikana muda huohuo.

Kifua kikuu nacho huanza kwa uchovu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho jingi usiku, homa za jioni na kupungua uzito ni dalili zinazopaswa kumpeleka mtu kituoni bila kusubiri. Kwa anayeishi na virusi vya ukimwi, kikohozi cha muda wowote ule kinatosha kuwa sababu ya kupimwa. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, kadhalika upimaji wa VVU na dawa za kufubaza virusi. Kisukari huchosha pia, na mara nyingi huambatana na kiu isiyokatika na kukojoa mara nyingi usiku. Tezi ya shingoni isiyofanya kazi ipasavyo humfanya mtu ahisi baridi wakati wenzake wanatokwa jasho, anenepe bila kula zaidi na awe mzito wa mwili na wa fikra. Maradhi ya moyo, figo na ini yamo katika orodha hiyo. Katika maeneo ya wafugaji ni lazima kukumbuka brusela, ugonjwa unaopatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kumzalisha mnyama mgonjwa bila kinga mikononi. Homa yake huja na kwenda, viungo huuma, na uchovu hukaa kwa miezi, kiasi kwamba wengi hutibiwa malaria mara tatu au nne kabla ya mtu yeyote kuuliza habari za maziwa.

Halafu yapo ambayo watu huona haya kuyataja. Sonona huchosha mwili kama ugonjwa wowote mwingine. Mtu hupoteza hamu ya chakula, ya kazi na hata ya watoto wake, na anaposema "nachoka" huwa anatafuta neno la kueleza huzuni asiyoijua chanzo. Pombe ya kila jioni huharibu usingizi hata kama mnywaji anadhani inamlaza. Aidha, anayekoroma kwa nguvu huku pumzi ikikatika na kurudi kwa kishindo halali kwa maana halisi ya kulala, ingawa yuko kitandani saa nane. Dawa nyingine za shinikizo la damu, za mzio na za kifafa zinaweza kuchosha. Mgonjwa anayemeza dawa yoyote aichukue aende nayo kituoni ikiwa katika pakiti yake.

Uchovu usioonekana kwenye kipimo

Baada ya hayo yote kuchunguzwa, hubaki kundi dogo la watu ambao vipimo vyao ni vizuri, na bado hawawezi kufanya nusu ya walichokuwa wakifanya. Baadhi yao wana ugonjwa unaojitegemea, ambao kitaalamu huitwa ugonjwa wa uchovu sugu. Si uzushi wa siku hizi. Mwaka 1955 hospitali ya Royal Free ya London ililazimika kufungwa kwa miezi kadhaa baada ya wafanyakazi wake 292 kuugua ugonjwa usiofahamika, na baadhi yao walibaki na udhaifu kwa muda mrefu. Jina la uchovu sugu lilianza kutumika rasmi nchini Marekani mwaka 1988, na mwaka 2015 jopo la wataalamu wa nchi hiyo lilitoa vigezo vya kuutambua: uwezo wa kufanya kazi umeshuka sana kwa zaidi ya miezi 6, usingizi hauburudishi, na mgonjwa huzorota baada ya kujishughulisha. Pamoja na hayo, awe ama na fikra zilizopungua wepesi ama kizunguzungu na udhaifu anaposimama.

Kigezo cha kuzorota ndicho kinachoutofautisha ugonjwa huu na mwingine. Mgonjwa akifanya kazi kidogo tu kupita uwezo wake, kwa mfano kufua nguo za nyumba nzima au kutembea hadi mnadani na kurudi, haanguki siku hiyo. Huanguka kesho yake au keshokutwa, na anaweza kulala siku kadhaa. Kwa sababu hiyo, ushauri uliozoeleka wa kumwambia "jikaze, fanya mazoezi, damu itatembea" unaweza kumdhuru. NICE, taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya matibabu, iliondoa mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua katika mwongozo wake wa ugonjwa huu mwezi Oktoba 2021. Badala yake mgonjwa hufundishwa kujigawia nguvu: kujua kiwango anachokiweza, kukatisha kazi kabla ya kuchoka, kupumzika na kisha kuendelea.

Hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha ugonjwa huu, na hapo ndipo mgonjwa anapopata taabu ya pili. Mume husema mke amekuwa mvivu. Mwajiri husema kijana anatega kazi. Majirani hunong'ona kuwa amerogwa, na fedha ya ada ya watoto huishia kwa mpiga ramli. Mgonjwa asiyeaminiwa nyumbani kwake ni mwepesi wa kumwamini yeyote atakayemsikiliza. Inafaa kusema wazi kwamba sehemu ya sifa nzuri ya kliniki za sindano inatokana na hilo: mtaalamu hukaa na mgonjwa, humuuliza habari za usingizi, choo, hedhi na wasiwasi, humshika mapigo ya mkono, na humwacha alale kwa utulivu karibu nusu saa. Kwa mtu ambaye nyumbani kwake hapewi nafasi ya kulala mchana bila kusemwa, hiyo peke yake ni huduma.

Sindano zenyewe

Akupancha ilianza China zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Waasisi wake waliamini kuwa mwili wa binadamu unapitiwa na nguvu ya uhai, waiitayo chi, inayotembea katika njia maalumu, na kwamba ugonjwa hutokea nguvu hiyo inapopungua au inapokwama. Sindano huchomwa katika sehemu zilizoainishwa juu ya njia hizo. Orodha inayotambuliwa kimataifa ina sehemu 361. Kwa uchovu, sehemu inayotumiwa zaidi iko chini ya goti kwa upande wa nje, upana wa vidole vinne chini ya kifuu cha goti, na jina lake la Kichina, Zusanli, lina maana ya maili tatu za mguu. Husimuliwa kuwa msafiri aliyechoka akibonyezwa hapo huweza kutembea maili tatu zaidi.

Sindano hizo si kama zile za hospitali. Hazina tundu wala dawa ndani yake, na ni nyembamba mno, wembamba unaokaribia unywele. Mtaalamu huchoma chache au nyingi kulingana na hali ya mgonjwa, kwa kina cha milimita kadhaa hadi sentimita chache, kisha huziacha kwa dakika 20 hadi 30. Anayechomwa huhisi mchomo mdogo mwanzoni, halafu uzito au ganzi inayotambaa. Damu haitolewi kama inavyofanywa katika kuumika, ambako watu wengi wa pwani hukufahamu kwa jina la hijama. Tiba hizo mbili hazina uhusiano ingawa baadhi ya kliniki huzitoa chini ya paa moja.

Madaktari wa leo hawajaziona njia za chi wanapopasua mwili. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sindano huamsha neva za ngozi na misuli, nazo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo, na mwili hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Kwa upande wa maumivu maelezo hayo yana ushahidi wa kutosha. Kwa upande wa uchovu bado ni ya kukisia zaidi.

Tiba hii si ngeni kabisa Afrika Mashariki. Madaktari wa China walianza kuhudumu Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, wakapelekwa mpaka vijijini. Kwa hiyo zipo familia ambazo babu au bibi aliwahi kutibiwa na madaktari wa Kichina kabla mabango ya leo hayajatundikwa. Nchi za Magharibi ziliielewa baadaye. Mwaka 1971 mwandishi wa gazeti la The New York Times, James Reston, alipasuliwa kidole tumbo mjini Beijing, na maumivu yaliyofuata upasuaji yakatulizwa kwa sindano. Habari aliyoiandika ndiyo iliyowaamsha Wamarekani wengi. Mwaka 2010 UNESCO iliiingiza akupancha katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Heshima hiyo ni ya utamaduni. Haimaanishi kuwa kila linalodaiwa kutibiwa na sindano limethibitishwa, ingawa wenye mabango hupenda kuitaja kana kwamba ni cheti cha tiba.

Utafiti umeonyesha nini

Ugumu wa kuchunguza sindano ni kwamba mgonjwa hujua amechomwa. Kidonge chenye dawa na kidonge kisicho na dawa vinaweza kufanana, lakini sindano ni vigumu kuifanya isihisike. Watafiti wamebuni sindano bandia: nyingine hazipenyi ngozi ila hugusa tu na kurudi ndani ya mpini wake, na wakati mwingine hutumika sindano za kweli zinazochomwa juujuu mahali pasipo katika orodha. Mgonjwa hajui amepata ipi.

Jaribio kubwa la namna hiyo lilifanyika Ujerumani kwa wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2007. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu kwa sindano za kweli walikuwa karibu asilimia 48. Waliopata nafuu kwa sindano bandia walikuwa asilimia 44. Waliopewa matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi walikuwa asilimia 27. Takwimu hizo zinafaa kusomwa taratibu. Sindano ziliwashinda waliotibiwa kwa njia ya kawaida kwa mbali, na nafuu hiyo ni ya kweli kwa aliyeipata. Lakini kuchomwa mahali sahihi na kuchomwa popote kulikaribiana mno. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya nafuu inatokana na tendo zima: kuhudumiwa, kulala, kutarajia kupona na kuguswa na mtu anayejali.

Kuhusu uchovu wenyewe, tafiti ni chache na ndogo. Nchini Korea Kusini wagonjwa 150 wenye uchovu sugu walichunguzwa, na matokeo yalitolewa mwaka 2015. Waliochomwa sindano mara 10 katika wiki 4, pamoja na huduma walizozizoea, waliripoti uchovu mdogo zaidi katika wiki ya tano kuliko waliobaki na huduma hizo peke yake. Uingereza nayo, mwaka 2012, ilichapisha utafiti wa wagonjwa 302 waliokuwa wamechoka kutokana na saratani ya matiti na matibabu yake. Waliochomwa mara moja kwa wiki, dakika 20 kila mara, kwa wiki 6, walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Tafiti zote mbili hazikuwa na sindano bandia za kulinganisha, kwa hiyo hazituambii nafuu ilitoka kwenye sindano kwa kiasi gani na kwenye matarajio kwa kiasi gani. Wala hakuna iliyoonyesha kuwa mtu mwenye ugonjwa wa uchovu sugu alipona kabisa.

Taasisi ya NICE iliyotajwa hapo juu inaonyesha vizuri mpaka ulipo. Katika mwaka uleule wa 2021 ilitoa miongozo miwili. Ule wa maumivu sugu, wa mwezi Aprili, unaruhusu akupancha kufikiriwa kama mojawapo ya njia. Ule wa ugonjwa wa uchovu sugu, wa mwezi Oktoba, haukuiweka miongoni mwa tiba zinazopendekezwa. Anayelalamikia uchovu pamoja na maumivu ya mgongo, shingo au magoti ana sababu nzuri zaidi ya kwenda kwenye sindano kuliko mwenye uchovu mtupu.

Wapo watakaosema kuwa kudai vipimo ni kuidharau hekima ya wazee. Dawa mseto ya malaria, ALu, inayotolewa katika kila zahanati, inajibu hoja hiyo. Kiungo chake kikuu kimetokana na mmea uliotumiwa na waganga wa China kwa karne nyingi. Mwanasayansi Tu Youyou aliusoma katika vitabu vya kale, akauchuja, akaujaribu kwa wanyama na kisha kwa watu akianzia na mwili wake mwenyewe, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Mimea mingine mingi aliyoijaribu katika kazi hiyohiyo haikufaa, ingawa nayo ilikuwa imeandikwa katika vitabu vilevile.

Gharama ya kuanza na sindano

Chukua mfano wa mtu anayekohoa na kuchoka kwa mwezi mmoja, akaambiwa na kliniki ya mjini kwamba atahitaji vipindi 10, viwili kila wiki. Hizo ni wiki tano. Kama chanzo ni kifua kikuu, kwa wiki tano analala chumba kimoja na watoto, anapanda daladala lililojaa, anakaa kanisani au msikitini, na anaendelea kuambukiza. Kila kipindi anakilipia, ilhali kipimo cha makohozi ambacho kingemaliza utata hakilipiwi. Kama chanzo ni upungufu wa damu kwa mjamzito, wiki tano ni sehemu kubwa ya mimba, na hatari ya kupoteza maisha akitokwa damu wakati wa kujifungua huongezeka.

Kwa mwenye ugonjwa wa uchovu sugu wenyewe ipo hesabu nyingine, ambayo kliniki huitaja mara chache. Safari ya kwenda mjini kwa bodaboda na basi, kusubiri foleni na kurudi jioni inaweza kumgharimu nguvu nyingi kuliko atakazozipata kitandani. Ikiwa baada ya kila kipindi analala siku mbili, tiba hiyo inamzidishia. Ni busara kujaribu vipindi vichache, kuandika kila siku amefanya nini na amelala vipi, kisha kuamua kwa kuangalia daftari badala ya kuangalia matumaini.

Wanaotumia dawa za kufubaza virusi, za kifua kikuu, kisukari, shinikizo la damu au kifafa hawapaswi kuziacha kwa sababu yoyote inayohusiana na sindano. Mtoa huduma akimwambia mgonjwa aache dawa za hospitali ili sindano zifanye kazi, mgonjwa huyo avae viatu aondoke.

Usalama na utaratibu

Uchunguzi uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2001, uliohusisha matibabu zaidi ya 34,000 ya akupancha, haukukuta tukio hata moja la madhara makubwa. Michubuko, damu kidogo, kizunguzungu na usingizi baada ya tiba hutokea na hupita. Hao walikuwa wataalamu waliofunzwa, na sindano zao zilikuwa safi. Mikononi mwa asiyejua, sindano ya kifuani au ya juu ya bega inaweza kutoboa pafu, na hilo ni jambo la dharura. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine inaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo hudumu nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kuifuta kwa pamba yenye spiriti hakuiui hatari hiyo. Sindano inayokubalika ni ya kutumika mara moja, katika pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya mgonjwa.

Wenye hemofilia, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wajawazito na waliopandikizwa betri ya moyo wamweleze mtaalamu kabla ya chochote. Betri ya moyo hasa haipatani na sindano zinazounganishwa na umeme. Wenye vidonda vya kisukari miguuni wasichomwe karibu na vidonda hivyo.

Kisheria, akupancha huhesabiwa katika fungu la tiba mbadala. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza linalosajili watoa huduma pamoja na vituo vyao. Usajili wa mtu na usajili wa kituo ni vitu viwili tofauti, na mteja ana haki ya kuona vyote. Leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani haithibitishi kuwa mwenye duka ana ujuzi wa sindano. Inathibitisha tu kuwa amelipia biashara. Mwenye shaka amwone Mratibu wa Tiba Asili na Tiba Mbadala katika Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye kazi yake ni pamoja na kujua nani amesajiliwa. Asiyeweza kufika wilayani apitishe swali lake kwa mganga mfawidhi wa zahanati iliyo karibu.

Kabla ya kulipa, mteja aulize bei ya jumla ya vipindi vyote, si ya kipindi kimoja, na apewe risiti. Aulize pia baada ya vipindi vingapi itaamuliwa kuwa tiba haifanyi kazi. Mtaalamu wa kweli huwa na jibu. Anayeahidi kuponya uchovu, kisukari, ugumba na saratani kwa sindano zilezile, au anayetaka fedha zote mwanzoni, hana tofauti na wauza dawa za miujiza wa stendi.

Wakazi wanaoishi jirani na kliniki hizo nao wana la kuangalia. Sindano zilizotumika ni taka hatarishi. Zinapaswa kuwekwa katika kisanduku cha usalama, kile cha karatasi ngumu kinachotumika pia wakati wa chanjo za watoto, na kupelekwa kuteketezwa katika kichomea taka cha kituo cha afya au hospitali. Sindano ikionekana jalalani, shimoni au njiani wanakopita watoto wa shule, isiokotwe kwa mkono. Apewe taarifa Afisa Afya wa Kata au Mtendaji wa Mtaa au Kijiji siku hiyohiyo, akielekezwa mahali ilipoonekana.